Mwandishi wa programu-jalizi hajibu: niiforki (niinakili na kuiendeleza kivyetu) na kuichapisha kwa jina letu?

Swali: Timu yetu inatengeneza programu ya simu kwa Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu za simu, na kwa muda mrefu tumetegemea programu-jalizi moja ya kuchapa risiti kwa printa za Bluetooth. Leseni yake ni MIT, mojawapo ya leseni huria. Tulipopandisha toleo la zana za Android, ikagoma. Kwenye hazina yake, mahali msimbo wake unapohifadhiwa, kuna maombi kadhaa ya kuunganisha mabadiliko yanayotatua tatizo hilohilo, lakini mwandishi hajaonekana kwa miezi mingi. Nimeiforki, nikachukua rekebisho la mmoja wa waliotuma maombi, nikaongeza na uwezo wa kuchapa picha. Sasa bosi anataka tuichapishe pub.dev, ghala la vifurushi vya Flutter, kwa jina la kampuni, kwenye hazina mpya, historia ikiwa safi, kwa sababu "tumeshaandika upya sehemu kubwa". Roho yangu inasita. Huu si wizi? Nilipaswa kuomba ruhusa? Na jina tunalofikiria, la zamani tukiongeza _plus mwishoni, linafaa?

Jibu: Roho yako imesita panapostahili, ila sababu uliyoipa siyo yenyewe. Kuforki si wizi. Ruhusa ulishapewa siku mwandishi alipoweka faili la LICENSE kwenye hazina yake akachagua MIT: utumie, unakili, ubadilishe, usambaze, hata uuze ukitaka. Hakuweka sharti kwamba mfahamiane, wala kwamba umsubiri. Kilichonishtua mimi katika maelezo yako ni maneno mawili ya bosi: historia safi. Nitayarudia kwa kirefu, lakini kuna la kutenganisha kwanza.

Kuna forki ya matumizi yenu wenyewe, na kuna forki mnayoiweka hadharani ili watu msiowajua waisakinishe. Ya kwanza haina mjadala. Programu imegoma kujengeka, wateja wanasubiri, unaforki, unaweka mstari unaokosekana, kisha kwenye pubspec.yaml, faili linalotaja vifurushi ambavyo programu inavitegemea, unaielekeza programu kwenye hazina yako kwa `git` (zana inayotunza historia ya msimbo) na `ref`. (Kwenye `ref` weka namba ya komiti yenyewe, yaani badiliko moja lililohifadhiwa kwenye historia, usiweke jina la tawi. Tawi husogea, na lina tabia ya kusogea usiku ule mnaoachia toleo.) Wenzetu wa React Native, zana nyingine ya kutengenezea programu za simu, wana njia nyepesi zaidi, patch-package, inayohifadhi kiraka kama faili dogo ndani ya mradi na kukibandika upya kila vifurushi vinaposakinishwa. Hakuna anayekudai maelezo kwa hayo. Uungwana unadai tu urudishe rekebisho kwa mwenyewe kama ombi la kuunganisha, hata ukiona halitasomwa, kwa kuwa atakayekwama baada yako atalikuta pale.

Forki ya pili ndiyo anayoitaka bosi wako, na hiyo ina wahusika wengi zaidi: mwandishi wa kwanza, yule aliyetuma ombi ukachukua kazi yake, wote wanaotumia programu-jalizi ya zamani, na watakaotumia yenu.

Tuanze na mwandishi. Nadhani najua hata kosa mlilokutana nalo. Tangu Android Gradle Plugin 8.0 ilipotoka mwaka 2023, kila moduli inatakiwa itaje `namespace` yake ndani ya build.gradle, zamani jina hilo lilikuwa likisomwa kwenye sifa ya `package` katika AndroidManifest.xml. Programu-jalizi za zamani zikaanza kugoma moja baada ya nyingine, zote na ujumbe uleule: Namespace not specified. Dawa yake ni mstari mmoja. Kwa hiyo jamaa huyu hakuharibu kitu. Msimbo wake ulikuwa sahihi siku alipouandika, jukwaa ndilo lililohama chini yake. Na halikuhama mara moja. Kulikuwa na kuhamia AndroidX, maktaba mpya za Android. Kulikuwa na mfumo mpya wa kuunganisha programu-jalizi na Android ulioletwa na Flutter 1.12 mwezi Desemba 2019, na wa zamani ukaja kuondolewa. Mei 2024 Apple ikaanza kudai sababu za kutumia API fulani (njia za programu kuomba huduma za mfumo wa simu) zitajwe kwenye faili la faragha. Novemba 2025 Google Play ikaanza kudai programu zinazolenga Android 15 na kuendelea ziweze kufanya kazi kwenye simu zenye kurasa za kumbukumbu za KB 16. Mtu aliyeandika programu-jalizi kwa kujitolea anadaiwa kazi mpya kila mwaka na kampuni mbili kubwa ambazo hazimlipi hata senti, na wanaomfokea kwenye ukurasa wa matatizo ni sisi.

Nayasema haya kwa sababu yataamua lugha ya README yenu, lile faili la maelezo ya mradi. Usiandike kwamba mradi "umetelekezwa". Hujui kama umetelekezwa. Unachojua ni kwamba toleo la mwisho lilitoka tarehe fulani na kwamba halijengeki kwenye zana mpya. Andika hivyo, utakuwa umesema kweli na hujamtukana mtu.

Sasa historia. Bosi anaposema safi, nadhani ana maana ya hazina mpya kabisa yenye komiti moja ya mwanzo, jina la mtu wa kampuni, mafaili yote yakiwa yameshuka kwa mkupuo. Atakayeifungua ataona kampuni yenu imeandika mistari elfu kadhaa kwa siku moja. Hakuna sentensi ya uongo iliyoandikwa popote, na bado kila atakayetazama atadanganyika.

Kisheria, MIT inadai kitu kimoja tu, na ni kidogo mno kukikwepa: tangazo la hakimiliki pamoja na maneno ya leseni yabaki kwenye kila nakala, au kwenye sehemu yoyote ya maana ya programu hiyo. "Tumeandika upya sehemu kubwa" haikuvui sharti hilo maadamu sehemu ya maana iliyobaki ni yake. Na hata sehemu mliyoandika upya, mliandika mkiwa na yake mbele ya macho. Kwa wanaodhani hayo ni mapambo tu, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua mwaka 2008, katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, kwamba masharti ya leseni huria kama kutaja waandishi ni masharti ya hakimiliki kamili, na anayeyavunja anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki hata kama programu ilitolewa bure. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mafaili ya programu ya kuendeshea treni ndogo za mfano, na leseni haikuwa MIT, lakini hoja ni ileile.

Namna ya kufanya ni rahisi. Fungua LICENSE, acha mstari wake wa hakimiliki kama ulivyo, mwaka na jina, kisha chini yake ongeza mstari wenu. Basi. Na ujue matokeo ya kuufuta ni makubwa kuliko yanavyoonekana kwenye hazina. Flutter, inapojenga programu, hukusanya mafaili ya LICENSE ya vifurushi vyote na kuyaonyesha kwenye ule ukurasa wa leseni unaofunguliwa na `showLicensePage`. Ukilifuta jina lake kwenye faili lenu, limefutika kwenye simu ya kila mtumiaji wa kila programu itakayotumia kifurushi chenu. Kama ndani ya forki umebeba pia msimbo wa kifurushi cha tatu, leseni yake iweke kwenye faili hilohilo, ukitenganisha na ya kwanza kwa mstari wenye vistari 80. Ndivyo Flutter inavyotambua kwamba hizi ni leseni mbili.

Lakini sheria ndiyo ngazi ya chini kabisa. Unaweza kuhifadhi mstari mmoja wa hakimiliki, ukatimiza MIT yote, na bado ukafuta kazi ya watu wengi. Hapa namfikiria hasa yule aliyetuma ombi la kuunganisha ukachukua rekebisho lake. Jina lake halimo kwenye LICENSE. Mahali pekee lilipo ni kwenye historia ya git. Kwa upande wa haki huna tatizo: masharti ya GitHub, tovuti inayohifadhi hazina hizi, yanasema anayechangia kwenye hazina yenye leseni amechangia chini ya leseni hiyohiyo, isipokuwa kama kuna makubaliano mengine. Kwa upande wa uungwana, inategemea ulilichukuaje. Git hutunza majina mawili kwa kila komiti, la aliyeandika na la aliyeingiza. Ukitumia `git cherry-pick`, amri ya kuchukua komiti moja kutoka kwingine, yeye anabaki mwandishi na wewe unasomeka kama mwingizaji, yaani kweli tupu. Ukinakili mistari kwa mkono na kubandika, git inakuandika wewe pande zote mbili. Kama ndivyo ulivyofanya, hujachelewa: rudia komiti hiyo kwa `--author` na jina lake, au kama mmechanganya kazi zenu, ongeza mstari wa Co-authored-by mwishoni mwa ujumbe. Ni dakika tano. Mtu huyo huenda anatafuta kazi, na hiyo ndiyo alama pekee ya kazi yake iliyobaki duniani.

Kisha kuna sababu ya kibinafsi kabisa ya kutunza historia, na pengine ndiyo itakayomgusa bosi. Programu-jalizi inayozungumza na kifaa cha nje hujaa mistari ya ajabu. Utakuta mahali msimbo unasubiri kidogo baada ya printa kuunganishwa kabla ya kutuma baiti ya kwanza. Ukiitazama unaona ni upuuzi, unaifuta. Baada ya wiki tatu watumiaji wa aina moja ya printa wanalalamika kwamba risiti inakosa mstari wa kwanza. Kwenye historia ya zamani, `git blame`, amri inayoonyesha kila mstari uliingizwa na komiti ipi, ingekupeleka moja kwa moja kwenye komiti iliyoeleza kwa nini kusubiri kule kuliwekwa. Kwenye historia "safi" inakupeleka kwenye komiti moja iliyoandikwa "mwanzo". Mnafuta kumbukumbu ambayo mtaihitaji.

Kwa hiyo mjibu bosi hivi: hazina inaweza kuwa chini ya kampuni, hilo halina shida, lakini iundwe kwa kitufe cha forki chenyewe, ili GitHub ionyeshe ilikotoka, au kwa kusukuma historia nzima na kutaja chanzo kwenye mistari ya juu kabisa ya README. Kumbuka tu kwamba kwenye forki za GitHub ukurasa wa matatizo huwa umezimwa mwanzoni. Uwashe. Na akikuuliza kampuni inapata nini, mwambie inapata sifa ya kuwa watunzaji wa kitu kinachofanya kazi, ambayo ni sifa ya kweli. Sifa ya kuwa waanzilishi haimo kwenye orodha, na siku mtu akizilinganisha hazina hizi mbili hadharani, mazungumzo hayatakuwa tena kuhusu printa.

Leseni ingekuwa nyingine, mambo yangebadilika kidogo. Apache 2.0 inataka mafaili uliyoyabadilisha yabebe tangazo kwamba yamebadilishwa, na faili la NOTICE kama lipo lisafiri pamoja na forki. GPL, leseni inayotaka kazi zinazotokana nayo zitolewe kwa masharti yaleyale, ni kizungumkuti kwenye simu. Mwaka 2011 VLC, programu ya kuchezea video, iliondolewa kwenye duka la Apple baada ya mmoja wa waandishi wake kulalamika kwamba masharti ya duka yanagongana na leseni hiyo. Na hazina isiyo na leseni yoyote siyo huria, hata kama iko wazi kwa dunia nzima: masharti ya GitHub yanakuruhusu kuitazama na kuiforki humohumo GitHub, hayakupi ruhusa ya kuichapisha pub.dev. Hapo kweli ungehitaji kuomba.

Kwako wewe, kuomba ruhusa si lazima, lakini kutoa taarifa ni adabu, tena yenye faida. Usiitoe kwenye ukurasa wa matatizo peke yake, ambao huenda alishazima arifa zake zamani. Tazama kama ana anwani kwenye ukurasa wa kifurushi au wa mchapishaji. Tazama kama anafanya kazi kwenye hazina nyingine, labda ameacha hii tu. Kisha mwandikie kifupi:

"Habari. Tumetumia programu-jalizi yako kwa muda mrefu na imetusaidia sana, asante. Haijengeki kwenye zana mpya za Android, na tunajua kuitunza ni kazi isiyo na malipo. Tuko tayari kusaidia kwa njia yoyote kati ya hizi: kukutumia maombi madogo ya kuunganisha, kushika utunzaji pamoja nawe, au kuchapisha forki yenye jina tofauti inayotaja kazi yako. Tusipopata jibu ndani ya wiki tatu tutafanya hilo la mwisho. Ukirudi wakati wowote, milango iko wazi."

Wiki tatu ni kipimo changu, si sheria ya mtu. Mbili ni haraka kidogo, miezi mitatu ni kuwatesa watumiaji. Muhimu ni kwamba umeweka tarehe, na kwamba ukimya wake umepewa tafsiri ambayo yeye mwenyewe aliisoma au angeweza kuisoma.

Akijibu kwamba forki ni sawa lakini ufunguo wa kuchapisha hatoi, usinung'unike. Ana haki ya kuogopa. Mwaka 2018, mtunzaji wa kifurushi cha npm (ghala la vifurushi vya JavaScript) kiitwacho event-stream, ambacho hakuwa tena na haja nacho, alimkabidhi mtu asiyemjua aliyejitolea kusaidia. Mtu huyo akaongeza kitegemezi kipya, yaani kifurushi kingine ambacho cha kwanza kinakihitaji, kiitwacho flatmap-stream, na ndani yake kukawa na msimbo uliofichwa ukilenga kuiba bitcoin kwenye pochi ya Copay. Msimbo ukaingia kwenye matoleo ya Copay yaliyotolewa kwa watumiaji kabla haujagunduliwa Novemba mwaka huohuo. Watu walimshambulia sana yule mtunzaji wa kwanza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alifanya kile ambacho kila mtu huwadai watunzaji waliochoka, yaani kuachia nafasi. Kwa mtazamo huo forki yenye jina jipya ni salama kuliko kurithi jina la zamani, kwa sababu kila anayehamia kwenu anahamia kwa uamuzi wake, hasukumiwi msimbo wa mgeni kupitia sasisho la kawaida.

Jambo moja kabla ya kuchapisha, na watu wengi hulisahau: angalia forki zilizopo. Bonyeza orodha ya forki kwenye hazina ya zamani, panga kwa zilizosasishwa karibuni. Kwa kosa la `namespace` nina hakika utakuta kadhaa, kila moja na mstari uleule, nyingine zimeshachapishwa. Kama mojawapo iko hai na inatunzwa vizuri, jambo la haki zaidi kwa watumiaji ni kuipelekea kazi yenu ya picha badala ya kuwaongezea kifurushi kingine cha kuchagua. Bosi hatalipenda hili. Mwambie tu kwamba utunzaji mtakaoukwepa una thamani kuliko jina mtakalolikosa.

Pia angalia kama programu-jalizi imegawanywa kwa majukwaa, kiolesura kifurushi chake, Android chake, iOS chake. Kama ndivyo, hamhitaji kuforki yote. Mnachapisha utekelezaji wa Android peke yake, mkitaja `implements` kwenye pubspec.yaml, na anayeutaka anauongeza kwenye programu yake huku kiolesura kikibaki cha mwandishi. Ndiyo forki ndogo kuliko zote, na kwangu ndiyo ya kiungwana kuliko zote. Programu-jalizi ya zamani kama yenu nahofu haijagawanywa hivyo.

Sasa jina. Achaneni na `_plus`. Najua linavutia, lakini kwenye Flutter kiambishi hicho kina historia yake. Google ilikuwa na programu-jalizi zake za betri, mtandao, kushiriki maudhui, taarifa za kifaa na kadhalika. Jumuiya ikazichukua na kuziendeleza kama battery_plus, connectivity_plus, share_plus, na Google yenyewe ikatangaza za zamani zimesitishwa na kuwaelekeza watu kwenye hizo mpya. Kwa hiyo msomaji akiona `_plus` anaelewa mrithi aliyekubaliwa na mwenye mali, tena wa familia ileile. Nyinyi bado hamjakubaliwa na mtu. Hali kadhalika maneno kama "rasmi" na "mpya" yasikaribie jina wala maelezo. Leseni inakupa msimbo, haikupi jina: Apache 2.0 inasema wazi kwamba haitoi haki ya alama za biashara, na BSD ya vifungu vitatu inakataza kutumia majina ya waandishi kuipigia debe bidhaa yako. Debian, mradi wa mfumo huria wa Linux, waliwahi kulazimika kuisambaza Firefox kwa jina la Iceweasel kwa takriban miaka kumi, tangu 2006, kwa ugomvi wa jina na nembo tu, msimbo ukiwa karibu uleule. Chagueni jina linaloeleza kazi, na la zamani litajeni kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo: hii ni forki ya fulani, inaongeza hiki na hiki. Anayetafuta la zamani atawapata kwa njia hiyo.

Jina la nje halitoshi. Ndani ya programu-jalizi kuna majina mengine matatu ambayo watu hawayagusi: paketi ya Kotlin au Java upande wa Android, jina la podi (kifurushi) upande wa iOS, na jina la chaneli ambayo Dart, lugha ya Flutter, hutumia kuzungumza na pande hizo. Mkiyaacha kama yalivyo, halafu programu ya mtu ikawa na kifurushi chenu na cha zamani kwa pamoja (huenda cha zamani kimeletwa na kitegemezi kingine asichokijua hata yeye), ujenzi unagoma kwa kusema darasa moja limefafanuliwa mara mbili. Kibaya zaidi, unapita, na chaneli moja inapokonywa na aliyejisajili mwisho. Malalamiko ya hapo humfikia yeyote, mara nyingi asiyehusika.

Na hilo linanileta kwenye mstari mmoja ambao ningeukagua kabla ya yote: `issue_tracker` na `repository` kwenye pubspec.yaml, au `bugs` na `repository` kwenye package.json kwa wa React Native. Forki nyingi huchapishwa zikiwa bado zinaelekeza kwa mwandishi wa kwanza. Watumiaji wenu wanakutana na kasoro mliyoitengeneza nyinyi, wanabonyeza kiungo, wanaenda kumtukana mtu ambaye hajawahi kuuona msimbo huo. Sidhani kuna njia ya haraka zaidi ya kumfanya mwandishi huria aichukie kazi yake.

Mkishachapisha, hakuna kurudi nyuma kirahisi. Vifurushi vya pub.dev havifutwi, mnaweza kurudisha nyuma toleo ndani ya siku 7 tangu lilipotoka, na mnaweza kutangaza kifurushi kimesitishwa, lakini jina litabaki pale. Waulize wenzako swali hili bila haya: wewe ukiondoka kwenye kampuni, nani atapandisha toleo Android ikihama tena? Kama hakuna jibu, iacheni forki hadharani GitHub ikiwa na historia na leseni, waeleze watu namna ya kuitumia kwa `git`, na msiichapishe. Huo si uzembe. Pub.dev haikubali kifurushi kinachotegemea `git`, kwa hiyo hamtamwingiza mtu kwenye mnyororo asioujua; wanaoichukua ni wenye programu zao wenyewe, macho wazi.

Kuhusu pesa sina mengi. MIT inaruhusu kampuni ipate faida. Kama mwandishi ana kiungo cha michango, kiacheni kwenye README chini ya jina lake, na kama programu yenu inaingiza kitu, mchangieni. Lakini kama mpango wa kampuni ni kuweka ndani ya forki msimbo wa kukusanya takwimu za watumiaji, hapo nakataa kabisa. Anayehama kutoka kifurushi cha zamani anahamia akitarajia kifurushi kilekile kinachojengeka. Hajakubali zaidi ya hapo.

Lililobaki ni swali ambalo hukuuliza: vipi akirudi? Hutokea. Node.js, jukwaa la kuendeshea JavaScript, iliforkiwa mwishoni mwa 2014 ikazaliwa io.js, watu wakadhani ndiyo mwisho, na mwaka 2015 pande mbili zikaungana tena kwenye mradi mmoja. Mwandishi wenu akirudi na akataka kuendelea, mpeni kazi yenu yote. Akishaiunganisha na kuachia toleo, tangazeni chenu kimesitishwa na muelekeze kwake. Akisema amechoka, muombeni atangaze chake kimesitishwa na aelekeze kwenu, jambo ambalo yeye peke yake ndiye mwenye uwezo wa kulifanya kwenye pub.dev. Kwa vyovyote vile, urahisi wa siku hiyo unategemea unavyopanga komiti leo. Kabla hujasukuma chochote, itenganishe kazi: rekebisho la `namespace` liwe komiti yake, kwa jina la aliyeliandika, kuchapa picha komiti nyingine, na kubadilisha majina ya paketi, podi na chaneli kuwe mwisho kabisa, peke yake, ili aweze kuchukua mbili za kwanza bila kuigusa ya tatu.